Lefika Yupi Aliyekufa

Kijijini kwetu Ha Khethisa, juu milimani, ukitaka zizi la mawe lisimame wima bila tope wala saruji, ulimwita Taelo. Ukitaka mtu wa kupalilia mtama, wa kukata manyoya ya kondoo, wa kubeba mlango wa nyumba ya marehemu shangazi yako kutoka kilima hiki hadi kile, ulimwita Taelo huyo huyo, naye alikuja. Ng'ombe alikuwa nao wawili tu, na mmoja hakuwa na akili timamu. Alilipwa kwa debe la mtama, au mguu wa kondoo, au mara nyingine kwa "Mungu akubariki", na vyote alivipokea kwa uso ule ule, mpaka watu wengine wakazoea kumlipa hicho cha tatu.

Alikuwa mrefu, mpole, na mikono yake ilikuwa na michubuko mwaka mzima. Kichwa chake kilikwenda polepole. Kushoto na kulia vilimchanganya tangu utotoni, na ukimuuliza swali alikaa nalo kwanza, akaligeuza upande huu na ule, ndipo akajibu, na pengine wewe ulikuwa umeshaondoka. Kitu kimoja tu alikifanya bila kufikiri. Akipita penye ukuta uliobomoka alisimama, akaweka fimbo chini, akaanza kurudisha mawe mahali pake, na habari ya kwamba ukuta ni wa nani hakuiuliza. Mkewe Mapoloko alizoea kumpelekea ugali shambani akamkosa, akaja kumkuta kwenye zizi la mtu wasiyemjua.

Mapoloko aliolewa mwaka 1937. Kama kila mke wa kwetu, siku aliyoingia kwa wakwe alipewa jina jipya na kunyang'anywa maneno kadhaa. Jina lilikuwa hilo, Mapoloko, yaani mama yake Poloko, ingawa Poloko mwenyewe alikuwa bado hajatungwa mimba. Maneno aliyonyang'anywa yalianzia kwa baba mkwe. Mzee aliitwa Lefika, na maana yake ni mwamba. Basi mke wa mwanawe hakuruhusiwa kutamka Lefika, wala mwamba, wala chochote chenye sauti ya kukaribia hapo. Nchi yetu nayo ni miamba kuanzia mlangoni hadi mawinguni. Mapoloko akawa anasema "makao ya mijusi". "Poloko, shuka hapo kwenye makao ya mijusi utaanguka!" Kanisani wakiimba kwamba Mungu ni mwamba, alifumba mdomo, akangoja wenzake wapite, kisha akaendelea nao mbele. Hakuona taabu. Ulimi ukishafundishwa njia yake hauulizi tena.

Vita vya wazungu vilipofika mwaka wa pili, chifu aliambiwa atoe wanaume. Aliwatazama wenye ng'ombe wengi akaona wana kazi. Akawatazama wasio na ng'ombe akaona ni mashujaa. Taelo alikuwa shujaa wa tatu kutajwa. Waliambiwa hawatapewa bunduki, watakuwa watu wa kazi: kuchimba, kubeba, kujenga. Taelo alikaa na habari hiyo siku nzima, na jioni akamwambia mkewe, "Wamesema kujenga. Labda huko kuta zao zimeanguka."

Mapoloko alimsindikiza hadi bomani, mwendo wa siku mbili, akiwa amebeba mikate ya mahindi kwenye blanketi. Karani alikuwa mmoja wetu, kijana mwenye miwani na haraka.

"Jina?"

"Taelo."

"La pili?"

Taelo alifikiri. "Ni hilo tu."

"Hakuna mtu mwenye jina moja, bwana. Hata mbwa wa Bwana Mkubwa ana mawili. Baba yako nani?"

"Lefika."

Karani akaandika LEFIKA kwa herufi kubwa, kisha nyuma yake akaweka T moja, pweke. "Kuanzia leo ukisikia wanaita Lefika, unaruka, unasema ndiyo, bwana."

"Akiitwa baba, niruke mimi?"

"Ruka tu, mzee. Anayefuata!"

Mapoloko alikuwa nyuma ya mumewe, na tayari amejifunika masikio kwa ncha za blanketi, maana si heshima hata kulisikia jina hilo likitupwa hovyo mbele za watu. Walipotoka nje kichwa kilikuwa kinamzunguka. Ina maana ameolewa na mwenye jina la mkwewe?

"Sasa nikija hapa kukuulizia nitasemaje?" alimuuliza.

"Utauliza Taelo."

"Taelo hayumo kwenye kile kitabu. Nimesikia. Yumo... yumo yule."

Taelo alikaa na swali hilo mpaka wenzake wakaanza kupanda lori. "Basi usije kuuliza," alisema hatimaye. "Nitakuja mwenyewe." Akaenda kupanda upande ambao haukuwa na ngazi, wakamwita, akazunguka.

Barua zake zilikuwa nne kwa miaka miwili na nusu. Aliandikiwa na mwenzake aliyesoma, na hapa nyumbani zilisomwa na mwalimu Paulosi, na kila moja iliwaacha watu wamechanganyikiwa kuliko walivyokuwa kabla. Ya kwanza ilisema wapo mahali pasipo na jiwe hata moja, mchanga tu. Ya pili ilisema amebeba masanduku, hajui yana nini. Ya tatu, kutoka Italia, ilisema: kazi yetu sasa ni kutengeneza moshi.

"Rudia hapo," mzee Lefika alisema.

"Kutengeneza moshi," mwalimu alirudia. "Kwenye bandari. Wanautengeneza asubuhi na jioni ili ndege za adui zisione meli."

Mzee akatoa kiko mdomoni akakitazama. "Serikali imenivushia mwanangu bahari ili akafukize moshi? Si wangekuja jikoni kwa mke wangu, upo wa bure na unatoa machozi!"

Walicheka sana siku ile. Mapoloko alicheka pia, lakini aliuliza kama wanaotengeneza moshi huwa wamo ndani ya moshi au nje yake, na mwalimu hakujua.

Ilikuwa wakati wa kuvuna mtama, mwaka 1944, tarishi wa boma alipoleta karatasi kwa chifu. Chifu akaita baraza. Wanaume wakakaa mbele, wanawake pembeni na vyungu vya pombe, na mwalimu Paulosi akasimama kusoma. Mbele ya jina palikuwa na tarakimu nyingi na nyuma yake herufi moja. Mwalimu hakuona haja ya kusoma herufi moja. Alisoma hivi: serikali inasikitika kuwajulisha jamaa kwamba Lefika wa Ha Khethisa amefariki vitani.

Watu wote waligeuka. Mzee Lefika alikuwa anakata tumbaku juu ya goti.

"Eti nani?"

"Lefika, mzee."

"Wa wapi?"

"Wa hapa."

"Lefika wa hapa ni mimi," mzee alisema. Akajigusa kifua, akajigusa na magoti. "Nimekufa lini?"

Wacha watu wacheke! Kuna aliyemwagikiwa na pombe. "Pole na msiba wako, mzee!" "Huko peponi tumbaku ipo?" "Alikufa vitani huyu, vita vya mkewe!" Chifu mwenyewe alifuta machozi ya kicheko, akamwambia mwalimu aandike jibu hapo hapo: Lefika yu hai, ana miaka sabini na kitu, hajawahi kwenda vitani, na leo amekunywa pombe na chifu. Tarishi akaondoka nalo.

Pembeni, Mapoloko alikuwa ameshika kata iliyojaa na mkono haukutaka kwenda popote. Yeye peke yake ndiye aliyekuwapo pale bomani. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba jeshini akiitwa Lefika anayeruka ni Taelo.

Lakini alijua kweli? Kila alipolishika jambo lilimponyoka. Huenda karani alibadilisha baadaye. Huenda yupo Lefika mwingine, Ha Khethisa nyingine. Na kama ni yeye, basi Mapoloko alipaswa kunyolewa kichwa na wanawake wa ukoo, avikwe nguo nyeusi, na ng'ombe achinjwe kumsindikiza marehemu, asije akabaki njiani bila kwao. Akivaa nyeusi na mume yu hai, amemroga kwa mikono yake mwenyewe. Asipovaa na mume amekufa, amemwacha nje. Mke au mjane? Ni jambo ambalo mwanamke anastahili kujua anapoamka.

Alimwendea mama mkwe wake, Mataelo, akapiga magoti. "Mama, ile karatasi. Kule bomani walimwandika kwa jina la... kwa jina la mwenye nyumba hii."

"Walimwandika nani?"

"Mwanao. Wanamwita jina la mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba yuko pale anavuta. Umesikia mwenyewe si yeye."

"Si yeye mwenye nyumba, mama. Ni jina lake liko kule juu ya... juu ya mwingine."

"Sema unavyotaka kusema!"

Alitaka kusema. Lile neno lilikuja mpaka kwenye meno na ulimi ukageuka njia yake ya siku zote. "Makao ya mijusi amekufa," alijisikia akisema, na hapo hapo akatamani ardhi immeze.

Mataelo alimkazia macho. Kisha, taratibu, uso wake ukabadilika, na Mapoloko akaona kwamba ameelewa. Ameelewa vizuri kabisa. "Wewe mtoto," mama mkwe alisema kwa sauti ya chini, "usimuue mwanangu kwa mdomo wako. Toka."

Mzee alikuwa amesikia. Kesho yake alimwita mkwewe nje, akaongea akiwa ameukodolea macho mlima, kama desturi inavyotaka mtu na mke wa mwanawe wasitazamane sana. "Karatasi imetaja jina langu," alisema. "Jina langu nilipewa na babangu, halina mwingine. Kama aliyetajwa ni mimi, na mimi ninavuta kiko hiki, basi hakuna aliyekufa. Umenielewa, mwanangu?"

"Ndiyo, baba."

"Hakuna aliyekufa."

Alimwelewa. Na hili ndilo lililomchanganya kuliko yote, kwamba alitamani naye amwamini. Mzee alikuwa amejisimamisha mbele ya ile karatasi kwa mwili wake wote wa miaka sabini, ili isipite kwenda kwa mwanawe. Nani angekuwa na moyo wa kumsukuma kando?

Miezi mitatu baadaye alikuja polisi wa farasi. Lile jibu la chifu lilikuwa limefika mahali, na mahali hapo walisoma kwamba askari Lefika yuko nyumbani anakunywa pombe. Polisi alitumwa kumkamata kwa kutoroka jeshini.

"Lefika ni nani hapa?"

"Mimi," mzee alisema, kwa fahari kabisa.

Polisi alimtazama, akatazama karatasi, akamtazama tena. "Wewe ulikuwa Italia?"

"Mimi hata bahari sijaiona, kijana wangu. Lakini kama ni lazima, nifunge. Andika kwamba umemkuta Lefika na yuko hai."

Mapoloko alisogea na blanketi lake mdomoni. "Bwana, anayetafutwa ni mume wangu. Ana jina la mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni nani?"

Akainamisha kichwa, maana hata kumwonyesha mkwe kwa kidole si heshima. Mzee ndiye angeweza kulijibu swali hilo kwa neno moja, na alikuwa anajaza kiko. Polisi akasema watu wa milimani watamtia wazimu, akaandika mistari miwili, akanywa maziwa ya mgando, akaenda zake. Alichoandika hatukukijua.

Kisha, kana kwamba haijatosha, ikaja barua ya nne. Ya Taelo! Mwalimu Paulosi aliisoma kwa kupaza sauti: ni mzima, kuna baridi, theluji ya huko ni kama ya kwetu, milima ipo, na mazizi yao yana mawe mazuri ila wamiliki wamekimbia na kuta zinaanguka. Mpeni salamu Poloko. Mataelo alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Mzee alimpa mwalimu kuku. Watu walimwambia Mapoloko, umeona sasa, na wewe ulivyokonda bure.

Alifurahi. Alicheza na wenzake uani na miguu ilikuwa mepesi kweli. Ila usiku haujaingia alimfuata mwalimu shuleni akamuuliza imeandikwa lini. Mwalimu aligeuza karatasi, akatafuta. Kona yenye tarehe ilikuwa imelowa na kuchanika njiani. Barua inaweza kuwa ya mwezi uliopita, alisema, au ya mwaka uliopita. Zinazunguka sana kabla ya kufika.

Akaishi hivyo miaka miwili. Siku moja mke, siku moja mjane, na siku nyingine vyote viwili kabla ya chai. Alipalilia mashamba ya watu kama mumewe alivyofanya. Nywele hakuzisuka na hakuzinyoa. Wanawake kisimani walimuuliza kwa utani, "Wewe leo uko upande gani?" naye akajibu, "Sijaamka vizuri," wakacheka, na yeye akaenda na ndoo yake.

Mwaka 1946 wanaume walianza kurudi. Mmoja mmoja walipita bondeni na makoti ya jeshi, na kila koti Mapoloko alilitazama mpaka lipite. Alasiri moja koti moja halikupita. Lilipanda mpaka uani, ndani yake mtu mfupi mwenye mguu mbovu. Aliitwa Ntsane, wa ng'ambo ya mto. Mzee alikuwa amekaa kivulini pa nyumba, Mataelo anapepeta mtama, Mapoloko yuko jikoni karibu na mlango.

"Amani, mzee. Natafuta kwa Lefika."

"Amani, mwanangu. Umefika. Lefika ni mimi."

Ntsane alicheka kidogo, kwa heshima. "Hapana, mzee. Lefika nilimzika mimi."

Ungo wa Mataelo ukasimama.

"Utakuwa umekosea," mzee alisema. "Lefika ni mimi."

"Mrefu. Mpole. Ukimwambia geuka kushoto anageuka kulia, kikosi kizima kinapigwa jua kwa ajili yake. Mimi ndiye niliyekuwa namwandikia barua." Ntsane alikuwa hacheki tena. Alianza kuona yuko mahali gani. "Mzee, hawakuleta karatasi?"

Basi akasimulia, maana ndicho alichokuja kukifanya. Ilikuwa Januari, siku ya mapumziko, hakuna aliyekuwa na kazi. Walikuwa wanapika chai. Nyuma ya shamba fulani palikuwa na zizi la kondoo lililobomoka upande mmoja. Lefika aliliangalia, akaweka kikombe chini, akaenda. Waliona anapanga mawe. Walimwita, huo si ukuta wako, rudi unywe chai. Akasema nakuja. Wajerumani walipoondoka pale walikuwa wametega bomu chini ya mawe.

"Nani alimtuma?" mzee aliuliza.

"Hakuna."

"Ukuta ulikuwa wa nani?"

"Hatujui, mzee. Kila mtu aliuliza hivyo hivyo. Mpaka leo sielewi. Vita vyote vile, tumepigwa mabomu baharini, tumepigwa bandarini, halafu mtu anakufa kwa zizi la watu asiowajua." Alivua kofia. "Nilitaka tu mjue kwamba alizikwa vizuri. Na msalaba una jina. Lefika, limeandikwa sawasawa."

Mataelo alianza kulia, kilio kile kirefu kinachopita juu ya paa, na majirani wakaanza kuja. Wa kwanza kufika hakujua ameitwa kwenye msiba wa nani, akamshika mzee mkono akauliza, "Nani, Mzee Lefika? Ni nani?"

Mzee alisimama. Ilimchukua muda. Aliwatazama watu waliokuwa wanaingia uani, wale wale waliomcheka na yeye akacheka nao. "Ile karatasi ya chifu ilikuwa ya kweli," alisema. "Lefika amekufa. Alikufa mwaka ule wa mavuno mazuri, na mimi nikajifanya ndiye mimi. Nimemnyima mwanangu kilio miaka miwili." "Leteni wembe, mke wake anyolewe. Na jina hilo msiniite tena. Si langu. Ni lake."

Mapoloko alikuwa ametoka jikoni, amekaa chini na blanketi limemwanguka mabegani. Alitaka kulia kama wajane wanavyolia, kwa kumwita aliyekwenda, lakini hakujua amwite nani. Taelo hakuwa na kaburi popote. Mwenye kaburi alikuwa yule mwingine, ambaye jina lake Mapoloko hajawahi kulitamka tangu aolewe. Akafungua kinywa kikabaki wazi.

Mzee alimwona. Akaja, akachuchumaa mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile alimtazama usoni. "Mwite, mwanangu," alisema. "Si mimi tena. Mwite tu."

Ulimi ulikataa, akaulazimisha. Lilitoka dogo na limepasuka, neno ambalo alikuwa amelizunguka miaka tisa.

"Lefika."

"Naam?" mzee akaitika, kabla hajajizuia.